Mbili Nukta Mbili

Damu haikuwahi kumtisha Sista. Usaha, vilio vya watu wanaobadilishwa bandeji, ndugu wa mgonjwa wanaofoka mlangoni, yote hayo aliyazoea kama wewe ulivyozoea kelele za jirani. Lakini ukiacha kiberiti mezani kwake, moyo unamruka. Amezeekea kazini kwenye wodi ya majeraha ya moto, na mtu aliyekaa humo hahitaji kuhubiriwa. Nyumbani kwake mishumaa ni marufuku, pasi ikichomolewa inakaguliwa tena, na gesi anaifunga yeye kwa mkono wake hata kama kapika mtu mwingine. Watoto wake, ambao sasa wana nyumba zao, humtania kwamba mama yao akifika peponi ataanza kwa kuuliza mlango wa dharura uko wapi.

Sista si jina lake, ni la kazi. Mtaa mzima unamwita hivyo na mumewe naye kafuata mkumbo. Mume mwenyewe ni kinyozi, mtu wa maneno mengi na mkono mwepesi, aliyeweza kukunyoa, kukusimulia habari za nusu ya mtaa na kukuuzia mafuta ya nywele kabla hujajiweka sawa kitini. Mwaka jana kiharusi kikampiga. Akalazwa, akatoka, lakini aliyerudi nyumbani alikuwa nusu ya aliyeondoka. Mkono wa kushoto ulining'inia tu kama mzigo aliobebeshwa na mtu mwingine, na ule mdomo usiofungika ukafungika. Akawa mtu wa kitandani. Anaamka, anageukia ukuta, chai inapoa. Wateja wake wakija kumjulia hali anajifanya amelala, tena anakoroma kwa makusudi.

Aliyemtoa kitandani hakuwa daktari wala mkewe. Ilikuwa ndege. Mdogo wake, shemeji yake Sista, ni dereva wa lori ambaye kwa miaka mingi amekuwa na ugonjwa wa kurusha ndege ndogo za rimoti kwenye uwanja ulio nyuma ya kiwanda. Jumapili moja alimbeba kaka yake karibu kwa nguvu, akamkalisha kwenye kiti cha plastiki, akamwekea rimoti mapajani. Alikuwa ameirekebisha ili kijiti cha kulia peke yake kitoshe. Jioni ile kinyozi alikula sahani mbili na kuongea mpaka Sista akamwambia apumue kidogo. Kisha Sista akaingia bafuni, akafungua bomba, akalia.

Kwa hiyo shemeji alipotokea na chaja mkononi, Sista alikuwa kwenye mtego na alijua. Siku zote betri zilichajiwa kwa shemeji. Sasa shemeji alikuwa na safari ya mzigo, angerudi Jumapili na kupitiliza uwanjani, na betri zilitakiwa ziwe tayari. Bila betri hakuna Jumapili, na bila Jumapili mumewe angerudi kuutazama ukuta.

"Hizi betri zinawaka?" Sista aliuliza.

"Zikikosewa, zinawaka," alisema shemeji, maana hakujua kudanganya. "Wewe usizikosee tu, shemeji yangu."

"Na wewe ndiye unaniletea ndani!"

"Mambo ni matatu. Aina ya betri, hizi zinaitwa LiPo. Idadi ya seli, ziko tatu. Na ampea. Ampea zisizidi ukubwa wa betri. Hii imeandikwa elfu mbili na mia mbili, basi unaweka mbili nukta mbili. Ukizidisha sana unaipika. Na huu waya mweupe mwembamba usiusahau, ndio unaoiambia chaja kila seli inaendeleaje." Akanywa maji, akaondoka kabla hajafukuzwa.

Jumamosi mchana Sista alitoka zamu na kuanza maandalizi. Chumbani hapana, sebuleni hapana. Alichagua uani, kwenye sakafu ya saruji, mbali na kamba ya nguo. Akaweka kigae, juu ya kigae sufuria kuukuu isiyo na mpini, ndani ya sufuria betri. Pembeni akaweka ndoo ya mchanga na koleo. Akaondoa ufagio, akaondoa ndala, akaliondoa hata zulia la mlangoni.

Kinyozi alikuwa amekaa kwenye stuli akimtazama. "Sista, tunachaji betri au tunategua bomu?"

"Nyamaza."

"Nauliza tu, nijue kama niandike wosia."

Alifurahi kusikia utani ule, ila hakuonyesha. Kazi yote ilikuwa juu yake, kwa sababu plagi zile zinataka mikono miwili na mumewe ana mmoja. Akachomeka waya mnene, mwekundu kwa mwekundu, mweusi kwa mweusi. Akachomeka waya mweupe, ambao una meno madogo na unakubali kuingia kwa upande mmoja tu. Akaiwasha chaja. Ikapiga mlio, naye akaruka.

Sasa, wodini kwa Sista kuna desturi isiyovunjwa. Dawa kali haitolewi na mtu mmoja. Mmoja anaivuta kwenye bomba la sindano, wa pili anasoma kwa macho yake na kusema kwa mdomo wake alichokiona. Humwambii "ni mbili, siyo?" maana atakuitikia. Unamwambia "soma," halafu unanyamaza. Desturi hiyo imemwokolea wagonjwa wengi, na Sista aliiamini kuliko alivyoyaamini macho yake, ambayo kwa vitu vya karibu yalikuwa yameanza kumsaliti. Miwani yenyewe siku hiyo ilikuwa imebaki kazini, kwenye mfuko wa koti.

Akabonyeza, akachagua aina, akachagua seli. Akafika kwenye ampea na kukishikilia kitufe. Namba zikaanza kukimbia, kwanza pole pole, kisha mbio kama mbuzi waliofunguliwa zizi. Akaachia, akarudisha nyuma, akasogeza mbele. Kwenye kivuli cha sufuria aliona mbili mbili zimekaa pamoja na nukta katikati. Hakuinama kuhakikisha. Mtu wa pili si yupo?

"Soma," akasema.

Kinyozi akainama juu ya chaja. "Aina, LiPo. Seli tatu."

"Ampea?"

"Mbili nukta mbili."

"Una hakika?"

"Sista, mbili nukta mbili. Bonyeza."

Akabonyeza. Feni ndogo ya ndani ya chaja ikaanza kuvuma. Sista akapiga magoti kando ya sufuria, koleo mkononi, na mumewe akaanza kusimulia jinsi kesho atakavyoizungusha ndege juu ya paa la kiwanda na kuishusha bila kuigusa nyasi mpaka dakika ya mwisho. Alisimulia vizuri. Sista alimsikiliza kwa sikio moja, la pili lilikuwa kwenye ile sauti ya kuvuma iliyozidi kupanda.

Muuguzi haamini kipimo kabla hajagusa paji la uso. Akaweka kiganja juu ya betri. Ilikuwa na joto. Akajiambia labda ndivyo zilivyo, simu nayo si hupata joto? Akasubiri kidogo, akagusa tena, na safari hii akauondoa mkono haraka. Ubavu wa betri, uliokuwa umenyooka kama kitabu, ulikuwa unainuka. Ulivimba mbele ya macho yake kama unga uliotiwa hamira.

"Zima!" Kinyozi alipiga kelele. "Mama, zima!"

Sista alikuwa ameshabonyeza. Akavuta waya mnene, akavuta ule mweupe, meno yakagoma, akavuta tena mpaka ukatoka. Betri ikatoa sauti ya kuzomea. Akaishika sufuria kwa kanga, akaipindua kwenye ndoo, akafukia kwa koleo, mchanga juu ya mchanga, huku akisema "usiwake, usiwake, usiwake," kana kwamba betri ni mtoto mkaidi. Moshi mweupe ukapenya juu ya mchanga, mwembamba, wenye harufu tamu inayokaba koo. Akamvuta mumewe na stuli yake hadi upande upepo ulikotokea. Wakaiangalia ndoo. Moshi ukapungua. Mlango wa jirani ukafunguliwa, mtu akachungulia, akaona sura ya Sista, akaufunga.

Sista aliiokota chaja, akaipeleka juani na kuinyoosha mbali kadiri mkono ulivyofika. Kioo kilikuwa kimerudi kwenye ukurasa wa kupanga. Kumi na mbili nukta mbili.

Alijilaumu kwanza, kama ilivyostahili, maana kidole kilichobonyeza ni chake. Halafu hasira ikamgeukia mumewe. Yaani mtu anaitaka Jumapili kiasi cha kuiteketeza nyumba!

"Ulinisomea nini?"

"Nilichokiona."

"Soma tena." Akaiweka chaja mapajani kwake.

Kinyozi akatazama. "Mbili nukta mbili."

"Usinichezee, bwana!"

"Nakuchezea nini? Mbili, nukta, mbili. Hii hapa." Na kidole chake cha kulia kikagusa ile mbili ya kwanza, kikaiacha moja iliyotangulia kama vile haikuwahi kuandikwa.

Hasira ikamtoka Sista yote kwa mara moja, na kilichoingia mahali pake kilikuwa kibaya zaidi. Alikishika kichwa cha mumewe kwa mikono miwili, akakigeuza taratibu kuelekea kushoto.

"Kumi..." alianza kinyozi, akaishia hapo.

Sista akasimama mbele yake. "Tazama pua yangu. Usigeuze shingo. Vidole vingapi?" Akauinua mkono upande wa kushoto wa mumewe.

"Viwili."

Mkono wa Sista ulikuwa ngumi. Hakuwa ameinua hata kidole kimoja.

"Tangu lini huoni upande huu?"

Kinyozi alikunja uso, akatafuta mzaha, mzaha ukakosekana. "Tangu hospitali."

"Daktari si alikupima macho?"

"Alikuwa anatikisa kidole, nami nasema naona. Nilikuwa naiba kwa kugeuza shingo kidogo. Ningemwambia, angeandika. Kinyozi wa nusu jicho nani atamkabidhi kisogo chake?"

"Na mimi? Mimi ni daktari?"

Mganga hajigangi, wanasema, na Sista sasa aliuona ukweli wa maneno hayo. Michubuko ya bega aliyoipaka dawa, chakula kilichobaki nusu moja ya sahani, ile tabia ya kugonga fremu ya mlango, vyote alikuwa amevipa sababu nyingine. Mgonjwa wa mtu baki angemgundua siku ya kwanza.

"Ndege ikienda upande huo inakuwaje?" aliuliza.

"Inapotea. Nahesabu moyoni, nangoja itokee."

"Watoto wanaochezea pale uwanjani?"

"Bado haijamgonga mtu."

"Bado!" Sista akaishika meza ya kufulia. Aliyajua maneno yaliyofuata, na alijua yatarudisha nini nyumbani kwake. Ukuta, chai iliyopoa, mkoromo wa uongo. Hata hivyo aliyasema. "Kesho hurushi. Rimoti inabaki kwa mdogo wako. Na Jumatatu tunarudi hospitali, utapimwa macho mbele yangu."

Alitarajia ugomvi, na angeupokea kwa furaha. Kinyozi alitikisa kichwa tu kukubali, akauchukua mkono wake wa kushoto kwa ule wa kulia, akaupanga vizuri juu ya goti.

"Nikuulize kitu," alisema. "Pale wodini nilipolazwa. Siku zile za mwanzo. Ulikuwa unakuja?"

Sista hakuelewa. "Kuja wapi? Nilikuwa sitoki! Nililala kwenye kile kiti mpaka mgongo ukakataa. Nilikuwa nimekushika mkono."

"Mkono upi?"

Kiti kilikuwa kati ya kitanda na dirisha, upande wa kushoto. Alikuwa ameushika mkono ule uliokufa ganzi, akiukanda usiku na mchana bila kusema neno, kwa sababu daktari alisema mgonjwa apumzishwe.

"Wauguzi wenzako walikuwa wananiambia, mkeo huyu hapa," kinyozi akasema. "Siku zile sikujua bado kugeuza shingo. Natazama, naona ukuta. Nikasema wananidanganya wasiniumize. Nikasema na wewe nikulaumu nini, nani anataka nusu mtu. Baadaye nilianza kusikia sauti yako, nikajua umerudi. Nikaona nisikuulize ulikokuwa, muhimu umerudi."

Moshi ulikuwa umekwisha kwenye ndoo. Sista, ambaye katika wodi yake hajawahi kulia mbele ya mgonjwa, alilia bila kufungua bomba. Akazunguka stuli, akaja upande wa kulia, akapiga magoti mahali anapoonekana, na akaushika ule mkono unaosikia.

"Nilikuwepo," alimwambia. "Mume wangu, nilikuwepo."