Vyanzo Vitatu vya Shangazi Kokushubila

Shangazi yangu Kokushubila alifanya biashara ya maharage Nshamba kwa miaka tisa bila kupata hasara hata mara moja. Alipoipata, aliipata yote kwa siku moja. Nilikuwa naye siku hiyo.

Alikuwa mjane, na shule aliiachia darasa la pili la misheni, lakini alikuwa na utaratibu ambao baadaye sikuuona hata kwa wahadhiri wangu. Hakununua gunia kwa habari ya mtu mmoja. "Mmoja ni harufu," alikuwa akisema, "wawili ni moshi. Nikisikia kwa watatu, natafuta kamba za magunia." Watatu hao aliwachagua mwenyewe. Mutembei alikuwa kondakta wa basi la Bukoba, aliyepita Muleba kila siku na kuona kwa macho yake. Projestus alikuwa katekista, hakuwa na biashara ya kumfanya adanganye. Wifi yake Anatolia aliishi Kagondo, akienda soko la Bukoba mjini karibu kila asubuhi, na alijua kuandika barua. Nshamba nzima ililijua hilo. Kokushubila akinunua, walinunua. Akiuza, waliuza.

Ilikuwa Februari 1967. Mimi nilikuwa nimemaliza sekondari, nasubiri majibu. Azimio la Arusha lilikuwa limetangazwa siku chache nyuma, mabenki yamekuwa mali ya umma, na kila mtu alijiuliza kinachofuata ni nini. Shangazi alikuwa na akiba ya kununua mabati. Nyasi za msonge wake zilikuwa zimeoza upande wa mlangoni, masika yanakaribia, na fundi alikwisha pima.

Jumatatu moja tuliingia kwa Klaudia, aliyeuza chai pale mabasi yanaposimama. Alituwekea kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, kama mgeni anavyokaribishwa kwetu, kisha akasubiri. Mgeni akishatafuna, hutoa amakuru, habari za alikotoka. Siku hiyo Shangazi hakuwa nazo. Alitafuna buni moja, akauliza, "Hivi Klaudia, hawa matajiri wenye malori wakiogopa wakayasimamisha, watu wa mjini watakula nini?"

"Iih! Watakula nini, waitu, mwenzangu," alijibu Klaudia, akamtazama kwa muda mrefu. Tukaaga.

Alhamisi Mutembei aliinama kutoka mlango wa basi. "Mama, maharage unayo? Malori yanasimama. Mjini patakuwa na njaa!"

Shangazi hakumuuliza kama ameona au amesikia. Mutembei alikuwa mtu wa kuona.

Jumapili, baada ya misa, Projestus alimvuta pembeni akamwambia maneno yale yale, kwa sauti ya chini, kama mtu anayetoa siri ya kitubio. Jumanne ikaja barua ya Anatolia. Niliisoma kwa sauti: "Wifi, huku watu wanasema malori yatasimama. Kama una maharage, yalete upesi."

"Watatu," alisema Shangazi. Akazichukua fedha za mabati, akanunua magunia ishirini na mawili.

Siku ya kusafirisha alikodi lori la tajiri mmoja wa mjini. Nilijikaza nikanong'ona, "Shangazi, malori si yanasimama?"

"Hili ndilo la mwisho."

Dereva alisikia. "Tusimame tuna nini, mama? Jana peke yake nimekwenda Bukoba mara mbili."

Shangazi alicheka. "Dereva huyu! Tajiri wake atamweleza nini?"

Tulipofika soko la Bukoba, hakucheka tena. Magunia yalikuwa yamepangwa mpaka barabarani, na yote yalikuwa maharage. Malori saba yalisubiri kushusha. Bei ilikuwa nusu ya ile tuliyonunulia.

Anatolia alitujia mbio. "Wifi, hata wewe?"

"Si wewe uliyeniandikia?"

"Niliandika alivyotuambia Mutembei!"

Mutembei tulimkuta kwenye basi lake. "Mimi? Mimi niliambiwa na Klaudia wa chai. Hata katekista nilimwambia mimi."

Nilimwona Shangazi akihesabu kwa vidole. Watatu wake walikuwa mmoja.

Klaudia hakuwa mbali. Alikuwa amekaa juu ya magunia yake manne, kanga ameifunga kichwani kwa ajili ya jua.

"Klaudia, habari ya malori uliisikia kwa nani?"

"Usinitanie, waitu. Nimeuza mbuzi wangu wote."

"Nakuuliza."

"Kwako!" Klaudia alisimama. "Hukuja kwangu Jumatatu ukanieleza? Mbele ya binti huyu?"

Nilikuwepo. Niliyasikia maneno yale kwa masikio yangu, na yaliporudi kwa Mutembei, kwa Projestus na katika barua niliyoisoma mwenyewe, sikuyatambua.

"Nilikuwa nauliza tu," alisema Shangazi.

"Wewe? Kokushubila? Tangu lini ukauliza usichokijua? Mtu mwenye habari yake haitoi wazi kama mlevi wa rubisi. Anaifunika kwa swali, mwenye akili aifunue. Nami nikaifunua!"

Wanawake walikuwa wametuzunguka. Mmoja aliangua kicheko, akaona uso wa Shangazi, akageukia magunia yake.

Tuliuza yote kwa bei iliyokuwepo. Masika yakatukuta chini ya nyasi zile zile, tukihamisha vitanda kila mvua ilipobadili upande.

Lakini wiki ile tuliporudi, kabla ya mvua, Shangazi alifanya jambo ambalo sikulitarajia kwa mtu mwenye fahari kama yeye. Alipita Nshamba nyumba kwa nyumba akisema, "Habari ile ilitoka kwangu, na mimi sikujua lolote. Hata sasa sijui bei itakwendaje. Msinunue kwa kunitazama mimi." Alianzia kwa Klaudia, akasema hata pale ambapo hawakumkaribisha kukaa.

Walimsikiliza kwa adabu. Alipotoka, walitazamana.

"Kokushubila kusema hajui?"

"Lipo jambo. Anatufukuza ili anunue peke yake."

Kesho yake asubuhi bei ya maharage Nshamba ilipanda, ikazidi hata ile aliyonunulia, naye hakuwa na hata kibaba kimoja cha kuuza.