Mwenye Sanduku Yuko Njiani

Wiki iliyopita nilikwenda sokoni hapa Dodoma kununua karanga mbichi, nikarudi na kitabu. Wanaonijua hawatashangaa. Pembeni ya soko kuna kijana anayetandaza vitabu juu ya turubai: mitihani ya zamani, kamusi zisizo na jalada, na vile vitabu vya kukufundisha kutajirika upesi, vilivyochakaa kwa kushikwashikwa na watu ambao bado hawajatajirika. Katikati yao nikamwona mtu ninayemfahamu. Amechorwa kwa wino mweusi kwenye jalada, ana sanduku la bati kichwani, ametupa mgongo.

"Chukua tu mama, hicho hakina mteja," kijana akaniambia.

Nilisimama nimekishika mpaka akaniuliza kama ni mgonjwa. Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa nimekutana na kitabu kilichonitia aibu kubwa kuliko zote za utoto wangu, na sikujua kama nicheke au nilie.

Miaka ile ya themanini niliishi Hombolo, kijiji cha nje ya Dodoma, kwa bibi yangu, mzaa baba. Televisheni tuliisikia kwa wasimulizi tu. Palikuwa na mtu aliyewahi kufika Zanzibar, na kwa sababu ya kuiona televisheni huko alikaribishwa chakula nyumba nyingi kuliko alivyostahili. Sinema ililetwa na gari la serikali, tena kwa nadra, ikatuonyesha namna ya kuchimba choo, na sisi watoto tulipiga makofi kila mtu alipoingia kwenye choo kile. Hayo yalipokwisha, vilibaki vitabu. Maktaba ya kijiji ilikuwa kabati moja la mbao, salio la enzi za kisomo cha watu wazima, nalo lilikaa chumba kimoja na dawa za zabibu. Kila kitabu kilinuka salfa. Hata leo nikifungua kitabu kipya kisichonuka salfa naona kama kimepungukiwa kitu.

Mwalimu wetu ndiye aliyeshika ufunguo. Aliniazima hicho cha mwenye sanduku mwezi wa kumenya karanga za mbegu, na nitasema ukweli, nilikitaka ili nikwepe kazi. Kumenya karanga za mbegu kunachubua vidole, na huruhusiwi kula hata moja. Bibi alikaa kivulini ubavuni mwa nyumba yetu ya tembe, ungo mapajani, nami nikamwambia kwamba mwalimu ameagiza nisome kwa sauti. Akakubali. Kiswahili alikisikia vizuri, ila pale kitabu kilipoanza kujivuna na maneno makubwa nilimgeuzia kwa Kigogo.

Tatizo lilianza ukurasa wa pili. Mtu mmoja kitabuni aliingia nyumba ya mwenzake na kuanza kueleza shida yake.

"Hee! Kaingia tu?" Bibi akasimamisha mikono. "Hata hodi?"

"Haijaandikwa, bibi."

"Basi rudi nyuma. Mtu asiyesalimu hana habari ya kunipa mimi."

Na hakutania. Kwetu salamu si neno la kupita nalo. Unasema "mbukwa," unaitikiwa, kisha unaulizwa habari za ulikotoka, za watoto, za ng'ombe hata kama huna, za mvua, na wewe unarudisha moja moja. Nikarudi nyuma, nikamfanya yule bwana abishe hodi, akasalimu mpaka kwenye ng'ombe. Tangu hapo kila aliyetokea katika kitabu kile alisalimu. Polisi alisalimu. Mwizi alisalimu kabla ya kuiba, na bibi akamsikitikia, eti mtoto wa watu mwenye adabu zake ameponzwa na njaa. Kitabu cha siku tatu tulikisoma wiki mbili, karanga zikamenywa zikaisha, tukahamia kunde.

Kumbe nilikuwa najizoeza uongo, ila sikuuona hivyo.

Hadithi yenyewe ilikuwa ya kijana aliyeondoka kwao kutafuta maisha, akakaa huko miaka bila barua. Sasa na bibi alikuwa na mtoto wa namna hiyo. Baba yangu mdogo alikwenda mashamba ya mkonge kabla sijazaliwa, akaleta barua mbili, kisha kimya. Aliacha kipande cha shamba la zabibu kando ya njia, na mizabibu ilikuwa imeanza kufa kwa kutopogolewa. Jirani yetu, mama mjane mwenye watoto sita, alikuwa amekuja mara mbili kuomba akitunze kile kipande na kula matunda yake mpaka mwenyewe atakaporudi. Bibi alikuwa karibu kukubali. Nilijua hayo yote. Watoto wa jirani nilisoma nao, na nilijua siku ambazo walikuja shule bila kula.

Ukurasa wa mwisho niliusoma kwanza kimoyomoyo, nikakasirika. Lori linamshusha mwenye sanduku njia panda ya kwao, linaondoka, naye anatua sanduku lake, analikalia, anaitazama njia. Basi. Kitabu kimeisha. Nikamtazama bibi; alikuwa ameacha kunde, ameshika ukingo wa ungo kwa mikono miwili. Nilishindwa. Nikamnyanyua yule mtu, nikamfikisha, nikambishisha hodi, nikamfanya mama yake amfungulie mlango, nikawasalimianisha mpaka nikakauka koo. Na kwa kuwa nilikuwa nimenogewa, nikasema akakuta shamba lake linamngoja.

Bibi alifuta uso kwa pembe ya kaniki yake. Jioni ile alipika mlenda wa karanga, na haikuwa sikukuu.

Kosa langu lilikuwa kusahau kwamba kwa bibi hadithi ya mdomo na kitu kilichoandikwa ni mambo mawili. Ya mdomo ina sungura na fisi, unacheka unalala. Lakini maandishi aliyoyajua ni ya barua, ya kadi ya kliniki, ya hati. Mtu hawezi kukaa akaandika jambo ambalo halikutokea. Jirani alipokuja mara ya tatu, bibi alimpokea kwa heshima zote, kisha akamkatalia. "Kuna mwenzake amerudi," alisema, "na amekuta pake. Mjukuu wangu amenisomea."

Yule mama alinitazama. Akambeba mtoto wake mgongoni akaenda zake. Sikula ugali siku hiyo.

Nilimpelekea mwalimu kitabu chake nikamwambia yote, kwa kwikwi. Nilitegemea viboko. Yeye alinirudishia kitabu mkononi, akasema, "Njia ya mwongo fupi, binti. Usinirudishie mimi kitabu. Karudishe kwanza mwisho wake kwa bibi yako."

Nilimkuta palepale kivulini. Nikakaa, nikasoma ukurasa ule kama ulivyo, bila salamu hata moja.

"Endelea," bibi akasema.

"Kimeisha, bibi."

"Na mlango?"

"Mlango niliutia mimi."

Mikono yake iliendelea kupepeta kunde. Mimi nilikuwa nalia waziwazi, kamasi na machozi, wala hakunifariji. Ungo ulipokwisha ndipo aliuliza.

"Lori limeshaondoka?"

"Limeondoka."

"Na yeye amekaa juu ya sanduku."

"Amekaa."

"Basi bado yuko njiani," bibi akasema, akanyanyuka kutafuta fimbo yake. Nilidhani ni ya kunichapa. Ilikuwa ya kutembelea.

Alikwenda kwa jirani. Walisalimiana weee, nikiwa nimesimama nyuma yake natamani ardhi inimeze, mpaka walipofika kwenye jambo lenyewe. Alimpa shamba. Alibakiza mistari miwili tu ya mizabibu, ile ya kando ya njia, ambayo mtu anayetoka njia panda angeiona kwanza. Hiyo, alisema, ni ya mwenyewe, na maji yake atabeba msomaji. Nikabeba. Ndoo kichwani kila jioni hadi namaliza darasa la saba, na jirani kila nilipopita alinipa kishada cha zabibu bila kunitania, jambo ambalo liliniuma kuliko kama ningetukanwa.

Baba mdogo hakurudi. Bibi alipogoa mistari ile miwili kwa mkono wake mpaka macho yalipokataa, kisha akafa, Mungu amrehemu. Mji nao umekua mpaka kule, si wa kulaumu, na mimi mwenyewe ni mmoja wa waliokuja kuujaza. Shamba lile sasa ni nyumba ya mtu na ukuta mrefu. Nilipita mwaka huu. Nilitafuta hata shina moja la mzabibu, sikuona.

Jana nilimaliza kukisoma kile kitabu, peke yangu jikoni, kwa sauti. Nimezeeka kidogo, kwa hiyo nilibisha hodi kila mlango na kuuliza habari za ng'ombe wote. Nilipofika ukurasa wa mwisho, ulimi ulitaka kumnyanyua tena yule mtu nimpeleke kwao, maana njia bado naijua. Lakini nikawaza atakachokuta: geti la chuma, na mlinzi atakayemuuliza anamtafuta nani, bila mbukwa, na jina atakalolitaja halijulikani tena na mtu yeyote mle ndani.

Nikamwacha palepale, amekalia sanduku lake. Angalau pale bado yuko njiani.