Chaza Waliolala Chali

Mtunza ghala alikuwa na ugonjwa mmoja: hakuweza kuona kitu kimekaa kichwa chini akakiacha. Nyumbani mkewe alifudikiza vikombe, yeye akavigeuza, na ndoa ikaenda hivyo hivyo mpaka wakapata wajukuu. Kazini alitunza masanduku ya mawe ya mviringo kama magongo, yaliyochorongwa kwa mtambo kutoka ndani ya milima ya chokaa nyuma ya mji, kila kipande kimeandikwa kina kilikotolewa. Ndani ya chokaa hiyo mlikuwa na chaza wa kale waliogeuka mawe. Wengi walilala vizuri. Wengine, masikini, walikuwa chali.

"Uzembe wa wachorongaji," alisema, akawageuza. Kwa miaka thelathini na moja.

Siku nne kabla hajastaafu akaja mjiolojia mpya, binti wa rika la kitinda mimba wake. Alifungua masanduku mpaka saa sita mchana, akakuna kichwa.

"Baba, chokaa hii naikuta juu, nikishuka naikuta tena ileile. Huu mlima umejikunja kama blanketi. Sasa tabaka la chini lilitakiwa liwe limepinduka, chaza wake wote chali. Mbona wamekaa sawa kama wako gwaride?"

"Si niliwaweka sawa, mwanangu."

Binti akatafuta ndoo, akaikalia.

Mkuu wa ofisi alipopashwa habari hakumaliza hata chai yake. Mawe yasiyoaminika yatupwe shimoni Ijumaa, alisema, yaani siku ileile ya kumuaga mzee. Mtunza ghala angetoka kazini akiitwa mtu aliyevuruga mlima mzima, na jambo hilo lilimuuma kweli kweli.

"Angalau unawakumbuka uliowageuza?" binti aliuliza, bila matumaini.

"Kuwakumbuka? Nimewaandika!"

Alichukua kipande, akamwonyesha kitakoni. Kwa penseli, kwa mwandiko safi wa darasani, paliandikwa: *Samahani.*

"Unamgeuza mwenzio usingizini, humwambii neno? Si adabu hiyo."

Binti alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha wote wawili wakavua makoti. Siku tatu walipekua sanduku kwa sanduku, na kila samahani ikatiwa nukta kwenye karatasi kwa kina chake. Zilikuwa mia nne na kumi na mbili. Binti alipoziunganisha, mkunjo wa mlima ukajitokeza wote, tumbo na mgongo. Mkuu aliutazama, akakohoa, akafuta amri yake kwa sharti moja: aliyewageuza chaza awarudishe walivyokuwa, kwa mkono wake mwenyewe.

Ijumaa wenzake walimngoja ukumbini na soda zao zikapata joto. Yeye alikuwa ghalani, ameshika kipande cha kwanza, na mkono umegoma. Chaza alikuwa amekaa vizuri sana. Mzee alifuta machozi kwa kiwiko, akatoa penseli, akaandika chini ya lile neno la zamani: *Samahani tena.*

Akamlaza chali, akafumba macho, akapapasa kumtafuta wa pili.