Kuku wa Afisa na Makaa ya Wawira

Mgeni akifika kiwandani kwetu, kwanza anaombewa, pili anatambulishwa kwa watu, tatu analishwa. Shida iliyomleta huulizwa kama muda umebaki. Ndiyo maana Alhamisi ile asubuhi, wakati Wawira akikimbia huku na huku akitafuta magunia mawili ya makaa, kamati nzima ya chama cha kahawa ilikuwa inabishana ni nani atakaa karibu na afisa.

Wawira ana miaka arobaini na mmoja, na nusu ya hiyo ameimaliza akiwa amesimama kwenye maji. Ndiye anayeendesha mashine ya kumenya kahawa katika kiwanda kidogo chini ya Kibugu, pale majani chai yanapoishia na kahawa kuanza. Kahawa iliyochumwa mchana lazima itolewe maganda jioni hiyohiyo. Ikilala na maganda yake inachacha, na jasho la mwaka mzima linageuka mbolea. Maji yanayobaki hapo yana rangi ya uji wa wimbi na harufu ya mlevi aliyelala na viatu. Ndani yake mna pia shaba, kutoka kwa dawa wanayopulizia wakulima. Miaka yote yalikuwa yakienda mtoni, na ng'ombe wa kule chini wakiyanusa na kugeuza kichwa, kumbe ng'ombe wana akili kuliko kamati.

Msimu huu afisa wa mazingira, Bwana Njiru, alikuja akasema neno moja tu: akirudi akute shaba imezidi kipimo kwenye bomba la kutokea, mlango unafungwa kwa kufuli ya serikali, kahawa iwe imejaa au haijajaa.

Kamati ikaunda kamati ndogo. Kamati ndogo ikanywa chai. Wawira akaleta maganda magumu ya njugu za makadamia.

Ujanja huo aliuona mjini Nkubu, kina mama wa kanisa walipoenda ziara ya maombi. Wenzake walirudi na upako, yeye akarudi amemdodosa mkulima mmoja mpaka mkulima akachoka. Unachoma maganda ndani ya pipa lililofunikwa, moto unanyimwa hewa, na badala ya jivu unapata makaa mepesi yenye vitundu visivyohesabika. Maji yakipita hapo, vitundu vinashika sumu kama sweta inavyoshika miiba ya shambani. Wawira akapanga mapipa matatu kabla ya bomba la kutokea: moja la mchanga, mawili ya makaa. Makaa nayo huchoka, hushiba sumu, yakahitaji kubadilishwa. Asubuhi hiyo ya afisa kurudi, alikuwa ameyatoa yaliyochoka kwenye pipa la mwisho, akaenda stoo kuchukua mapya.

Stoo ilikuwa tupu. Wawira akafuata harufu ya kuku.

Nyuma ya ofisi, Cicily, mpishi wa harusi zote na matanga yote ya upande huu, alikuwa na majiko matatu yaliyowaka mekundu safi. Alimpongeza Wawira kabla hata hajamsalimia. Makaa hayo hayana moshi, alisema, ni Mungu tu angeyaleta siku ya mgeni. Gunia moja lilikuwa limeisha. La pili lilikuwa nusu.

Mwenyekiti Mbogo akatokea na koti lake la mikutano.

"Mzee Mbogo," Wawira akasema, "pipa la mwisho ni tupu. Makaa yake ndiyo haya yanapika."

Mbogo aliangalia majiko, akaangalia sufuria, akafikiri kama kiongozi: akauliza kuku wamebakisha dakika ngapi.

"Chagua, mzee. Ale ashibe afunge mlango, ama akae njaa auache wazi."

Cicily akasema hajawahi kumpa mgeni kuku mbichi tangu azaliwe, na hataanza leo kwa ajili ya maganda. Mbogo alifungua mdomo kumuunga mkono. Gari la afisa likapiga honi getini, na mdomo ukafungwa.

"Toa sufuria," alisema kwa sauti ya mtu anayezika.

"Na umtambulishie kila mtu," Wawira akamwambia. "Hata waliokufa."

Kwa mara ya kwanza katika historia ya chama, utambulisho ulikuwa na faida. Wanakamati tisa walisimama mmoja mmoja, kila mmoja akaanza na "Bwana asifiwe" na kuishia kwa babu yake aliyepanda mche wa kwanza. Nyuma ya ukuta, Wawira alitupa makaa ya moto kwenye karai la maji, sepetu baada ya sepetu, mvuke ukimpiga usoni. Akaponda. Akaongeza lile nusu gunia. Akasuuza: maji ya kwanza yakatoka meusi kama lami, ya pili ya kijivu kwa sababu ya jivu, ya tatu bado. Kupitia dirishani alimsikia afisa akisema asante, imetosha, twende tuone bomba. Mweka hazina akaomba neno la shukrani. Maji ya tano yakatoka meupe.

Pipa lilifika theluthi mbili tu. Wawira akabana koki mpaka maji ya kahawa ya jana yakawa uzi mwembamba. Makaa yakiwa machache, maji yasikimbie.

Afisa alichovya kijikaratasi cha kupimia, kile kinachozidi wekundu shaba ikizidi, akaangalia saa. Dakika moja. Mbogo alifunga macho, midomo ikicheza. Wawira hakuomba, alihesabu. Kijikaratasi kikaanza kuwa na rangi ya waridi, kikaendelea kidogo, kikasimama. Afisa akakilinganisha na kadi yake mara mbili.

"Imepita," alisema. "Kwa shida. Mbona pipa halijajaa?"

Wawira alimwangalia Mbogo. Mbogo alikuwa anaangalia mlima.

"Mengine yalikuwa yanakupikia kuku, afisa."

Afisa hakucheka. Aliandika kwamba ndani ya wiki mbili akute pipa limejaa na akiba stoo. Kisha akala kuku aliyemaliziwa kwa kuni, mwenye moshi na ugumu wa kiti, huku Mbogo akimweleza kuhusu ubunifu wa kamati.

Jioni kahawa ilifika, mashine ikanguruma. Wiki ile Wawira alichoma magunia manne mapya, na juu ya kila gunia akaandika kwa rangi nyekundu: SUMU, UKIPIKIA UTAKUFA.

Cicily alimuuliza kama ni kweli. Wawira akamwambia ajaribu.