Mstari Mwekundu Sebuleni

Mume wangu alifanya kazi Mombasa, mimi nikifundisha hesabu Kakamega. Miaka hiyo ya tisini, kilichobaki kwenye mishahara yetu tulikiweka kwenye hisa: za benki, za chai na za kiwanda cha simiti. Kila Jumamosi nilinunua gazeti, nikafungua ule ukurasa wa bei ambao majirani waliuona wa kufungia nyama tu, nikazijaza bei kwenye karatasi ya grafu niliyobandika sebuleni. Benki buluu, chai kijani, simiti kahawia. Mstari mnene mweusi ulikuwa thamani ya zote pamoja. Karatasi ile ilinifundisha mapema kwamba chai ilikuwa inatusindikiza tu. Simiti ndiyo iliyotubeba.

Juu kabisa nilichora mstari mwekundu kwa penseli. Tulikuwa tumekubaliana: mweusi ukiugusa, tunauza, tunajenga vyumba vya kupangisha kwenye ploti yetu ya Shirere, naye anarudi nyumbani kabisa. Basi kila mweusi ulipopanda, nilimwona mume wangu akikaribia mlango. Nilimtamani vibaya. Hata kikohozi chake cha alfajiri, kilichokuwa kikiniudhi, nilikitamani.

Mwaka mmoja mweusi uliugusa mwekundu muda mfupi kabla ya Krismasi. Sikumwandikia, nilitaka aone mwenyewe. Alipofika nilichinja jogoo, nikampikia ingokho kwa obusuma, ugali wa kwetu, nikamngoja amalize kula. Alinawa mikono, akasimama mbele ya karatasi, akatabasamu.

“Mama watoto, hii simiti inapandanga tu. Tukiuza saa hii tutajuta. Si tungoje kidogo?”

“Tumengoja ya kutosha, baba watoto.”

“Kidogo tu.”

Akaufuta mwekundu wangu, akachukua rula, akachora mwingine juu zaidi. Na kwa hesabu hakukosea. Mimi mwenyewe ningemwambia hivyohivyo mtu mwingine yeyote, na hilo ndilo lililoniuma.

Pasaka ilipokaribia, mweusi uligusa tena. Safari hii hakuja. Aliandika barua, akaniomba niusogeze mwenyewe. Nikapanda juu ya kiti na rula yangu. Binti yetu mkubwa, aliyekuwa akifanya kazi za shule mezani, aliuliza baba anarudi lini.

“Bei bado,” nikamjibu, nikachora.