Kioo cha Gari la Zimamoto

Meza ya mama yangu mdogo ina pande mbili, na mpaka wake ni rula ya plastiki iliyobandikwa kwa gundi. Kushoto hukaa asetoni, pamba na mikono ya wateja. Kulia hukaa roboti. Kwa miaka sita mpaka huo haukuvukwa, kwa sababu asetoni ile ile inayoondoa rangi ya kucha kwa mpanguso mmoja hula plastiki bila huruma.

Kazi yake ni kupaka rangi kucha, katika saluni yenye viti vitatu na dirisha moja. Wateja wanapopungua adhuhuri, huvuta kisanduku kutoka chini ya meza na kushika kazi yake ya pili: magari ya kuchezea yanayogeuka kuwa roboti. Huyapata sokoni kwenye marundo ya vitu chakavu, moja halina mkono, jingine halina gurudumu, jingine halina hata kichwa. Kwa kuwa hana uwezo wa kununua vipuri wala rangi maalumu, huchukua mabovu mawili akatoa zima moja. Rangi yake ni masalio ya chupa ambayo hayatoshi tena vidole kumi. Ubavu wa mwavuli uliovunjika huwa pini ya bega, na ganda la kalamu huwa bomba la moshi. Taa za mbele huzikata kwenye pakiti tupu za vidonge, pale palipovimba, na asiyejua huapa kwamba zimetoka kiwandani.

"Huyu akiumwa kichwa hufurahi," msusi wa kiti cha pili huwaambia wateja. "Amepata taa."

Siku moja nilimuuliza kwa nini asinunue gari zima walau mara moja, hata kama itabidi ajinyime. Alijibu bila kuinua macho, "Kilichovunjika hakinitishi. Nikikiharibu, nimeharibu nini?" Nilidhani anazungumzia kubana matumizi. Nilikuja kumwelewa siku alipoletewa kizima.

Aliyekileta alikuwa mpima ardhi mstaafu, mzee mrefu mwenye shati lililopigwa pasi hadi kwenye kola. Aliingia saluni akiwa amekumbatia mfuko kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba mayai, na mashine ya kukaushia nywele ikazimwa ghafla ili kila mtu asikie vizuri.

"Wewe ndiye binti wa maroboti?"

"Ndiye mimi, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Nawa mikono kwanza."

Mama mdogo akanawa. Mzee akatoa gari la zimamoto, lenye ngazi na magurudumu yake yote sita, na kioo cha mbele cha plastiki kilichong'aa kama maji ya kisimani. Alikuwa amelinunua kwa mshahara wake wa kwanza, miaka thelathini na minne iliyopita, kabla hajawa na mke wala kiti cha kukalia. Wekundu wake tu ndio uliokuwa umepauka, na mstari mweupe wa ubavuni ulikuwa karibu kufutika. Alitaka virudi kama zamani.

"Nina mengine kumi na moja sandukuni," alisema. "Yote mazima. Hajawahi kuyagusa mtu. Hili likirudi salama Jumamosi, tutazungumza."

Kabla ya kuondoka akatoa rula ndogo mfukoni, akaupima mstari. "Milimita tatu. Si mbili na nusu, wala si tatu na kitu."

Alipotoka msusi akaangua kicheko. "Huyo ni Mzee Sentimita!"

"Milimita," mama mdogo alimsahihisha, wala hakucheka.

Siku mbili za kwanza hakuligusa. Alilifunua, akalitazama, akalifunika tena. Chakula chake cha mchana kilipoa kwenye bakuli. Alifanya mazoezi ya mstari mweupe kwenye chupa tupu mpaka chupa ikawa kama pundamilia. Ni mtu ambaye hukata bega la roboti kwa wembe huku akisimulia habari za jirani, lakini sasa aliogopa mstari wa milimita tatu.

Jumatano alianza. Alipaka tabaka nyembamba, akasubiri, akapaka nyingine. Kwenye magari haya rangi nzito ni balaa, kwa maana sehemu moja hupita juu ya nyingine wakati wa kugeuka, na rangi ikizidi hukwaruzana. Kwa hiyo alichukua tupa ya kucha, akapunguza plastiki kidogo sana mahali pa kificho panapogusana, ndipo akapaka. Alhamisi saa sita mchana mstari mweupe ulikuwa umenyooka kama uzi wa fundi mwashi.

Hapo akaingia mteja mwenye safari ya jioni. Alitaka mikono na miguu kwa pamoja, na mkoba wake, mkubwa kuliko mtoto wa miaka miwili, akautua upande wa kulia wa meza. Mama mdogo akaliokoa gari. Akaliweka kushoto, kwa dakika chache tu.

Mteja alipoondoka, aliona kidoa chekundu kwenye kioo cha gari, kidogo kama kichwa cha sisimizi. Kwa siku moja mkono wake hufuta vidoa kama hivyo mara mia, pembeni mwa kucha za watu, bila kumwomba ruhusa. Pamba ilikuwa karibu, tena imelowa. Mkono ukaenda.

Kidoa kilitoka. Na mng'ao ukatoka nacho. Kioo kikawa kama jicho lenye mtoto wa jicho.

"Nini?" msusi aliuliza. "Umeona nyoka?"

"Afadhali ningeona nyoka."

Ijumaa asubuhi alisugua kioo kwa dawa ya meno na kile kipande laini cha kung'arishia kucha, kwa miduara midogo, mpaka mkono ukafa ganzi. Ukungu uliondoka karibu wote. Lakini kwenye kona ya chini kulia ulibaki utando wa nyufa nyembamba, upana wake kama ukucha wa kidole cha mwisho. Alijaribu kukata kioo kingine kwenye chupa ya soda, kikakataa kukaa. Akakimbilia sokoni, akapindua marundo.

"Dada, leo mbona unachimba kama kuku?" muuzaji alimtania. "Umepoteza pete?"

"Nimepoteza mtu," alijibu, akaendelea kuchimba. Hakupata.

Alasiri msusi alimwekea chupa ya rangi nyeusi mbele yake. "Paka kioo chote. Magari ya wakubwa yote yana vioo vyeusi."

"Gari la zimamoto? Litakuwa linazima moto au linauficha?"

"Mwambie ndio mtindo. Mzee wa watu atajuaje?"

Mama mdogo alifungua chupa. Brashi ilikuwa tayari hewani, tone limening'inia. Akawaza kwamba chini ya weusi ule nyufa zingebaki, na kila siku ya maisha yake angekuwa anasubiri siku ambayo mzee atakwaruza kwa ukucha. Akairudisha brashi.

"Hofu ya siku moja nitaiweza," alisema. "Ya kila siku, hapana."

Jumamosi mzee alifika robo saa kabla ya wakati. Alinawa mikono bila kuambiwa.

"Mzee, kabla hujalitazama—"

"Nitalitazama kwanza."

Akatoa rula. Akapima mstari mwanzoni, katikati na mwisho. "Tatu," alisema. Kisha akalisogeza gari sikioni na kuanza kuligeuza, polepole, kiungo baada ya kiungo, akisikiliza kama daktari. Halikukwaruza popote. Ngazi ikawa mkono, magurudumu yakaingia miguuni, na sehemu ya mbele ikajikunja kuelekea kifuani. Kioo kikafichika ndani kabisa. Mzee akamsimamisha roboti kwenye kiganja chake, mwekundu, mpya, na kwa mara ya kwanza akatabasamu.

Msusi alimkazia mama mdogo macho: nyamaza. Mzee alikuwa ameanza kumfunga roboti kwenye kitambaa akiwa vile vile amesimama.

Yale maneno yote aliyoyapanga tangu alfajiri yalimkimbia. Yakabaki matatu. "Mzee, kioo nimekiharibu."

Kitambaa kikasimama.

"Nilikipangusa kwa asetoni. Mkono ulinitangulia."

Mzee akarudisha kila kiungo mahali pake mpaka gari likawa gari. Akalipeleka dirishani kwenye mwanga. Akakaa huko muda mrefu kiasi kwamba msusi alisahau kusuka, na mteja wake akabaki ameshikwa nywele, shingo imepinda.

"Kona ya chini. Kulia."

"Ndiyo, mzee."

"Ungenyamaza ningeondoka nalo."

"Ungeliona nyumbani."

"Nyumbani?" alisema. "Ningeliona hapo mlangoni."

Alilifunga, akaacha malipo waliyopatana, akatoka. Habari ya yale kumi na moja hakuigusa.

Ilifuata wiki ndefu. Pazia la mlango lilipotikisika, mama mdogo aliinua kichwa. Ulikuwa upepo, au muuza karanga. Alimpaka mteja mmoja rangi mbili tofauti mikononi, na mteja akadhani ni ufundi. Chupa ya asetoni aliihamishia kwenye rafu iliyo ng'ambo ya chumba, hivi kwamba kila alipoihitaji ilibidi ainuke, avuke miguu ya watu na kurudi.

"Siku hizi tuna mazoezi ya viungo," msusi alisema. "Bure kabisa."

Kisanduku cha mabovu hakukifungua hata mara moja. Nilipomuuliza, alisema macho yanamuuma.

Jumatano ya pili pazia lilitikisika, na safari hii haukuwa upepo. Mzee alikuwa amekumbatia mfuko kama siku ile. Akakaa kwenye kiti cha wateja, akatoa gari la wagonjwa, jeupe, zima, lililofifia kidogo kwenye milango. Lakini pale pa kioo cha mbele palikuwa wazi, tundu tupu.

Mama mdogo alishtuka. "Mzee, kioo kimeanguka wapi?"

Mzee akapapasa mfuko wa shati. "Kipo. Kitakaa kwangu mpaka kazi iishe. Nitakirudisha mwenyewe."

Msusi aliuficha uso wake kwenye taulo, mabega yakimtetemeka. Mama mdogo hakucheka. Alikwenda kunawa mikono, akarudi, akalipokea gari kwa mikono yote miwili.

"Milimita ngapi?"

"Nne." Mzee akainuka, akafika mlangoni, akageuka. "Taa nimeziacha humo. Nazo ni plastiki ile ile."

Mama mdogo akazitazama zile taa mbili za mbele, safi kama matone. Kisha akageuka kuangalia rafu iliyo ng'ambo ya chumba, kuhakikisha kwamba chupa bado iko kule.