Mwanafunzi wa Nyuma ya Ghala

Nilisoma mpaka darasa la nne, basi. Watu wakisikia nimezaliwa Butiama, kijijini kwao rais wetu wa kwanza, wanafikiri kila mtoto wa kule alitoka tumboni na kitabu mkononi. Hapana. Baba aliona darasa la nne linamtosha msichana, mimi nikaona halinitoshi, lakini nani aliniuliza? Nikaolewa upande wa Bunda, kwenye pamba na ng'ombe, na huko ndiko nilikokuja kuwa mwalimu. Mwalimu kweli, siyo wa kuigiza. Wajukuu zangu wenye digrii wakinicheka nawaambia: nyinyi mmefundishwa, mimi nimefundisha.

Ilikuwa ile miaka tulipohamia kijiji cha ujamaa, nyumba zimepangwa mstari kama wanafunzi paredi. Serikali ilitaka kila mtu mzima ajue kusoma na kuandika. Wakatafuta kijijini nani anasoma bila kukwama, wakanikuta mimi. Nikapelekwa semina Musoma, nikarudi na boksi la chaki, kitabu cha kusomea kinachoeleza kilimo cha pamba, na kiburi ambacho sijakiacha mpaka leo.

Darasa letu lilikuwa ghala la pamba. Pamba ikishauzwa ghala linabaki tupu, nyuzi zinaning'inia kwenye mapao kama ndevu. Mlango mmoja, dirisha moja la nyuma, hewa kidogo. Ubao tuliupaka unga mweusi wa betri za redio zilizokufa, tumeutwanga pamoja na majani. Wanawake walijaa. Walitoka shamba na majembe yao, wengine na watoto mgongoni, wakakaa chini na kuanza a, e, i, o, u kwa sauti ya kufukuza kunguru. Watoto wa kijiji walituita ngumbaru, kama walivyoitwa watu wazima wote waliokwenda kusoma. Tukaitika.

Wanaume hawakuja hata mmoja.

"Ndugu mwalimu," akaniambia afisa wa elimu ya watu wazima alipofika kutoka Musoma kutukagua, "kijiji hiki kina wanaume, au wamekwisha?"

"Wapo, ndugu. Wako kwenye pombe, wananicheka."

"Mwisho wa mwaka nakuja na mtihani. Nisipowakuta humu ndani, darasa nampa mwanaume. Yuko mmoja Suguti anatafuta nafasi."

Nilijisikia kama mtu ameninyang'anya mtoto titi likiwa bado mdomoni. Darasa lile lilikuwa langu. Kitu changu cha kwanza duniani ambacho sikupewa na baba wala mume. Nikasema moyoni, huyo wa Suguti atakuja juu ya maiti yangu.

Lakini wanaume ningewapataje? Walikuwa wanamwangalia mtu mmoja, baba mkwe wangu. Ndiye aliyekuwa mkubwa wa mstari wetu wa nyumba, ng'ombe wengi, maneno machache, akikohoa watu wananyamaza. Na mimi na yeye hatukuweza kukaa chumba kimoja. Kwetu mkamwana na baba mkwe hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawapishani mlangoni. Nikimwona anakuja njiani naingia porini hata kama kuna miiba. Akiwa na neno kwangu analipitisha kwa mama mkwe. Na neno alilokuwaga analipitisha lilikuwa lile lile.

"Baba mkwe wako anasema upunguze sauti," mama mkwe ananiambia. "Ng'ombe wanashtuka."

Nina sauti kubwa. Nilizaliwa nayo, nitazikwa nayo.

Basi wanaume wakawa wanasema, "Mkwe wake mwenyewe haingii mle, sisi tukafuate nini?" Nilimwambia mume wangu azungumze na baba yake. Akasema, "Kati yako na mzee mimi siingii," akachukua baiskeli akaenda zake kwenye kiwanda cha kuchambua pamba alikokuwa anafanya kazi. Mwanaume mzima.

Mwaka ule ulinikaba. Palizi ikafika, nusu ya wanawake wakapotea shambani. Nikawafuata huko huko. Nilipalilia mstari mmoja na wao mstari wa pili huku tukitaja silabi, ba, be, bi, mpaka jembe likawa linapiga kwa mdundo wake. Jioni nilikuwa na koo kama limekwaruzwa na msasa.

Halafu nikaanza kuona ng'ombe. Ng'ombe wa baba mkwe walikuwa wanalishwa bondeni, kwenye majani mazuri. Sasa kila tukianza kisomo wanatokea nyuma ya ghala, mahali penye vumbi na vijiti.

"Mwalimu," akasema jirani yangu, mama mmoja mwenye mdomo, "ng'ombe wa mkwe wako wameanza kisomo."

"Labda wanapenda sauti yangu."

"Na yule mwenye fimbo je? Naye anapenda?"

Darasa zima likaanguka kwa kicheko. Mimi sikucheka. Tulipomaliza, na ng'ombe walipokwisha kwenda, nikazunguka nyuma. Kwenye vumbi, katikati ya kwato, palikuwa na mistari iliyochorwa kwa ncha ya fimbo. Hazikuwa herufi. Zilikuwa alama kama zile wanazowachoma ng'ombe ubavuni ili zizi moja lijulikane na lingine. Ba alikuwa ameipa alama yake, be alama yake, bi alama yake. Mzee alikuwa anasikia kila kitu na haoni ubao, kwani kuchungulia dirishani nilipo mimi ni mwiko, akaamua kujitungia alfabeti ya ng'ombe.

Nilisimama pale nikashika kiuno. Mtu huyu anayeniambia nipunguze sauti!

Kesho yake nikawahi kabla ya watu wote. Ukuta wa nyuma wa ghala, kwa nje, ulikuwa umesiribwa udongo mweupe. Nikachukua kaa la jikoni, nikaandika somo la siku ile kwenye ukuta, kubwa, kila herufi kama mkungu wa ndizi. Kisha nikaingia ndani nikaandika hayo hayo ubaoni. Nilipofundisha nikapandisha sauti zaidi. Nikisema, "Tazameni herufi ya kwanza, ina mgongo na ina tumbo," wanawake wananishangaa, kwani wanaiona. Sikuwa nasema nao.

Jioni nikazunguka. Vumbini palikuwa na ba yenye mgongo na tumbo. Tumbo lilikuwa upande usio wake. Nikaokota kijiti, nikaandika iliyo sawa pembeni yake, nikaondoka. Kesho yake nikakuta ameirudia, safu nzima, matumbo yote upande wake. Ndivyo tulivyokwenda, mimi na yeye, wiki kwa wiki, hatuonani. Siku nyingine ng'ombe walikanyaga kazi yake yote, nikakuta kinyesi juu ya herufi. Nikasahihisha iliyobaki.

Asubuhi moja baada ya mvua mama mkwe akanijia jikoni. Nikajua ni habari ya sauti.

"Baba mkwe wako anasema mvua imefuta ukuta, na wewe hujaandika tena."

"Anasema hivyo?"

"Anasema pia kwamba hakusema."

Tukatazamana, mama mkwe na mimi, halafu tukacheka mpaka uji ukamwagika motoni.

Aliyemfuma mzee alikuwa mwanaume mmoja wa nyumba ya tatu, mnywaji hodari, aliyekuwa anatafuta ndama aliyepotea. Alimkuta mzee amepiga goti vumbini, fimbo mkononi. Mimi nilisikia kupitia ukutani.

"Mzee, unatafuta nini hapo chini?"

"Natafuta akili yako. Kaa uandike."

"Mimi?"

"Mimi ni mkwe wake, nimefungwa nje. Wewe umefungwa na nini? Ingia ndani!"

Akaingia. Ndama sijui alionekana lini. Wiki ile ile wakaja wengine, wamevaa mashati safi, wanajifanya wamepita tu. Hao walikuwa mashemeji zangu, wana ruhusa ya kunitazama na ya kunitania.

"Shemeji mwalimu, nikifeli utanipikia nini cha kunipoza?"

"Ukifeli utapika wewe."

Siku ya mtihani afisa alikuja kwa Landrover. Akatazama wanawake upande mmoja, wanaume upande mwingine, akaguna. Mimi nilikuwa na mimba kubwa, nimefunga kitenge kipya, nimesimama kando ya ubao kama nguzo. Akachungulia dirishani akaona ng'ombe na mwenye ng'ombe.

"Na yule mzee?"

"Ni mwanafunzi wangu, ndugu. Anasomea nje."

"Hakuna mtihani wa nje. Aliyesoma nje huyo hajasoma, na mwalimu anayemwacha nje hajui kufundisha." Kabla sijamweleza akatoka, akazunguka, akamshika mzee mkono akamleta mpaka mlangoni.

Baba mkwe amesimama mlangoni, uso ameugeuzia nje. Mimi ndani, uso nimeugeuzia ubaoni. Mlango ni ule mmoja.

"Aingie," akasema afisa.

"Akiingia mimi natoka," nikasema kwa ubao.

"Toka basi."

"Pa kutokea yuko yeye."

Jirani yangu mwenye mdomo ndiye aliyepata jibu. "Dirisha, mwalimu!" Wanawake wakasimama, wakanizunguka, wakaninyanyua na mimba yangu. Kiti kikaletwa. "Sukuma mwalimu! Polepole, kuna mtoto!" Nikatoka mguu mmoja, nikatoka wa pili, nikatua nyuma ya ghala, katikati ya ng'ombe, pale pale alipokuwaga anasimama yeye.

Ndipo nilipojua alivyosoma. Husikii vizuri pale, ubao huuoni, nzi wanakuingia masikioni. Nikabandika sikio ukutani.

"Pa-mba," akasoma mzee. "I-ki-sha-vu-nwa. Ng'oa." Akakwama, akarudia. "Ng'oa mi-ti ya-ke." Akakwama tena. Nililijua neno linalofuata, lilikuwa limenijaa mdomoni. Nikajiziba kwa kitenge nisilipige kelele. Hiyo ndiyo siku pekee maishani niliyopunguza sauti. "U-i-cho-me," akasema mzee, "mo-to."

"Sasa andika sentensi yako mwenyewe ubaoni," afisa akamwambia.

Nikasikia chaki. Inakwaruza, inasimama, inakwaruza. Inavunjika. Inakwaruza tena. Nilikuwa nje na sioni, nikamsukuma ng'ombe kwa hasira bila sababu. Halafu kitu kikapasuka mle ndani, vigelegele, wanaume wanapiga miguu sakafuni, vumbi likatoka dirishani kama moshi.

Mzee akatoka mlangoni, ameinamisha kofia. Alipopita upande ule, mimi nikazunguka upande huu, nikaingia.

Alikuwa amezoea kuandika kwa fimbo ardhini, hakujua kuandika kidogo. Maneno yake yalijaza ubao wote, kutoka pembe hadi pembe:

MKAMWANA WANGU ASIPUNGUZE SAUTI

Afisa akafuta jasho. "Haya, mwalimu, futa, wengine waandike."

"Futa wewe, ndugu."

Akashika kitambaa, akawatazama wanawake, akakiweka chini. Wengine wote waliandika pembeni, kwenye nafasi zilizobaki chini ya herufi za mzee, na walifaulu hivyo hivyo. Huyo wa Suguti sikumsikia tena mpaka leo.

Baba mkwe aliishi miaka mingi baada ya hapo, na hatukuwahi kutazamana usoni. Sijui alikuwa na macho ya namna gani. Mwandiko wake ningeutambua popote. Kesho yake baada ya mtihani, nikiwa nafagia ghala, mama mkwe alikuja akasimama mlangoni.

"Baba mkwe wako anauliza hesabu zinaanza lini."

Nje ng'ombe walikuwa wamekwisha fika.

"Mwambie zimeanza!" nikasema, na ng'ombe wote wakashtuka.